Bado Kuna Upepo

Kutoa upepo kwenye maji ya injini ni kazi ya watu wawili, asikudanganye mtu. Mmoja anakaa ndani, anawasha gari, anafungulia hita mpaka mwisho, anakanyaga mafuta hadi mshale wa mizunguko ufike elfu mbili na usitikisike. Mwingine yuko mbele, boneti liko juu. Anabinya mpira wa maji, anatazama mapovu yakipanda kwenye kopo, anaongeza maji, anafungua skrubu ya kutolea upepo, anafunga, na muda wote anapiga kelele: "Ongeza! Punguza! Shikilia hapo hapo!" Wapo wanaobana kijiti kati ya kiti na kanyagio wakaifanya peke yao. Hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi tu. Lakini kijiti hakikuulizi kama umekula, na mimi nilikuwa nimechoka na vijiti.

Naitwa Évode. Nilizaliwa Burundi, nikakulia Kigoma, na huu ni mwaka wa thelathini na moja niko Uswidi. Nakaa Hagsätra, mwisho wa reli. Kiwandani Södertälje kazi yangu ni kufunga vioo vya pembeni vya malori, vya kushoto tu. Vya kulia anafunga mwenzangu, na tumesimama pamoja miaka tisa bila mimi kujua jina la mke wake. Pale haniiti mtu fundi. Lakini ufundi ninao. Niliupata Kigoma kwa marehemu Yahya, mzee aliyekuwa akisikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni, na ole wako ucheke.

Mke wangu Vénantie alifariki miaka mitatu iliyopita. Nalisema mapema ili usije ukaniuliza katikati. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu nyumbani kwetu. Kila Jumapili baada ya misa alimpigia binti yetu Kelly, wakaongea saa nzima, wakacheka, wakasengenya, halafu ananinyooshea simu: "Msalimie mtoto." Nasema, "Hujambo, mama?" Kelly anasema hajambo, nami narudisha simu kwa mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, na sikuona kasoro yoyote.

Vénantie alipoondoka, simu ikanyamaza. Nikangoja. Kwetu mtoto ndiye anayemsalimia mzazi, mdogo ndiye anayeanza. Baba wa kumkimbilia mtoto kwa simu ni baba gani huyo? Basi nikangoja kama baba. Kelly alipiga Krismasi, akapiga Pasaka, akapiga siku yangu ya kuzaliwa, dakika tano tano. Anakaa Hallonbergen, ng'ambo ya pili ya jiji, analea peke yake binti yake Lina wa miaka minne, na kazi yake ni kuzungukia wazee majumbani, kuwapa dawa na kuwavalisha soksi. Wazee wa watu! Niliweka kinyongo, sitaficha. Nilikuwa nakula ugali nimesimama jikoni, huku namsema kwa sauti: "Mtoto gani huyu, hajui baba yake yu hai au amekufa!" Wala hapakuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze.

Mwezi wa kumi injini ya gari lake ikafa. Taa nyekundu iliwaka akiwa barabarani, naye akaendelea kwenda kwa sababu kulikuwa na bibi mmoja anayengoja sindano yake. Maji yalikuwa yameisha yote. Alinipigia analia, kaambiwa gari ni la kutupa.

"Usilitupe," nikasema. "Nipe mimi."

Lo, wiki tatu zile! Nilipata injini kwenye uwanja wa magari mabovu, nikakodi nafasi kwenye gereji moja pale Högdalen, vituo viwili kutoka kwangu, ambako kila mtu anajitengenezea gari lake mwenyewe. Anayesimamia ni Kambale, Mkongo wa Butembo, mdomo wake haupoi hata akiwa anakula. Nikitoka kiwandani naenda huko moja kwa moja. Na kila siku saa kumi na moja jioni, simu.

"Pappa, limekuwa tayari?" Kelly huniuliza kwa Kiswidi nami humjibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyozoea.

"Bado, mama. Leo nafunga mipira ya maji."

Ananiuliza mipira ya maji ni ya nini. Namweleza. Ananiambia Lina kagoma kuvaa viatu. Ananiambia kuna babu mmoja kazini anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa, naye anaitika tu. Miaka mitatu sikujua lolote, na katika wiki tatu nilijua mpaka rangi ya mapazia yake mapya. Nilianza kula nimekaa.

Injini ilipoingia, nilifunga kila kitu kwa mikono aliyoifundisha Yahya. Na Yahya alikuwa na amri moja: injini usiyoijua ilikotoka, kabla ya yote itoe themostati. Ni kidude kidogo kama kizibo, kinakaa kwenye njia ya maji na kuyazuia yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kigoma nani ana haja ya kungoja joto? Linakuja lenyewe saa mbili asubuhi. Zikiharibika zinaua injini, kwa hiyo tulikuwa tunazitoa zote, tunazitupa kwenye debe, na magari ya wateja wetu hayakuchemsha tena. Basi na hii nikaing'oa, nikaitupa kwenye pipa, nikafunga mfuniko na gaskit mpya huku napiga mluzi. Kinga ni bora kuliko tiba, nikajiambia.

Siku ya kutoa upepo nilimwita Kelly. Kambale alikuwa amejitolea kukaa ndani. "Papa Évode, mi nikushikilie?" Nikamwambia aende zake, gari lina mwenyewe. Kelly akaja na Lina kwa treni, akakaa kwenye usukani, mguu kwenye mafuta. "Ongeza!" nikapiga kelele. Akaongeza mno, injini ikanguruma, Lina akaziba masikio na wote wawili wakacheka. Nilimpa Lina kazi ya kuniambia akiona povu. "Povu, morfar! Povu!" Morfar ni babu, baba wa mama. Tulikaa pale saa nzima, mikono yangu imelowa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuwa nao mahali pamoja bila nguo za kanisani.

Wakaondoka na gari. Kesho yake saa kumi na moja nilikuwa nimeshika simu mkononi. Haikulia. Wala kesho kutwa. Nilimwelewa, kwa nini apige? Gari limepona. Novemba ikapita yote, giza linaingia saa tisa mchana, mimi na vioo vyangu vya kushoto, mimi na treni, mimi na jiko. Nilikuwa mpweke, na hilo neno sikuwahi kulitumia kwa ajili yangu kabla ya hapo.

Katikati ya Desemba baridi ikashuka mpaka digrii kumi na nne chini ya sifuri. Simu ikalia.

"Pappa, gari ni baridi. Hita inapuliza ubaridi mtupu. Tunaganda."

Nikuambie kitu cha aibu? Moyo uliruka kwa furaha. Mwanangu anaganda, mimi natabasamu jikoni.

"Ni upepo umebaki," nikasema. "Lilete Jumanne." Na haki ya Mungu, siku ile niliamini ni upepo.

Jumanne wakaja. Kelly akakaa kwenye usukani na Lina mapajani, nikainua boneti, nikaweka mkono kwenye mpira wa juu, ule unaokwenda kwenye rejeta. Dakika mbili tangu gari liwashwe, mpira tayari vuguvugu. Nikauacha. Nikaushika tena. Haukutakiwa kuwa hivyo, ulitakiwa kuwa baridi kabisa mpaka injini ipate moto. Maji yalikuwa yanakimbilia kupoa kabla hayajapata joto, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyazuia. Themostati! Gari likiwa limesimama ndani ya gereji, hita ilikuwa inatoa joto kidogo, ndiyo maana mara ya kwanza hatukujua. Évode, mjinga wewe! Uko Uswidi, unatengeneza gari la Kigoma!

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Duka la vipuri liko ng'ambo ya barabara, ningeenda na kurudi chai haijapoa.

"Umeuona?" Kelly akauliza kwa sauti kutoka ndani.

Nikafungua mdomo nimwambie. Kupitia kioo cha mbele nilimwona Lina kashika usukani, anaendesha kwenda anakokujua mwenyewe, na Kelly kamwekea kidevu kichwani, mguu bado uko kwenye mafuta, anangoja neno langu. Nikafikiria jioni ya kesho, na ya kesho kutwa.

"Bado kuna upepo," nikasema. "Huu ni mkaidi. Njooni tena Alhamisi."

Alhamisi wakaja. Nikabinya mpira, nikaongeza maji yasiyohitajika, nikapiga kelele "Shikilia!" kama kawaida. Kisha nikawapeleka nyumbani kwangu, nikapika maharage ya nazi na chapati. Lina alikula chapati tatu akalala kwenye kochi, viatu miguuni. Kelly aliosha vyombo akinisimulia habari za kazini, nami nilivifuta polepole ili visiishe. "Jumamosi tunamaliza," nikamwambia mlangoni. Walishuka, nikawatazama kutoka dirishani wakikwangua barafu kwenye vioo vya gari.

Ijumaa Kambale akanikamata. Nilikuwa nimepitia gereji kuchukua spana zangu, akanivuta pembeni.

"Papa Évode, jana mi niliangalia kwenye moteri ya mutoto wako. Thermostat iko wapi?"

Nikajifanya natafuta spana.

"Kumbe unajua!" Akajishika kichwa. "Weye ni mutu wa namna gani? Mutoto anaganda na mutoto wake!"

"Punguza sauti."

"Sipunguze! Mficha uchi hazai, mzee. Mwambie."

"Wewe unajua nini?" Nilimfokea mpaka mtu wa lifti ya pili ya kuinulia magari akageuka. "Una mke na watoto watano, nyumba yako kelele tupu! Unajua nini wewe cha kukaa na ukuta?"

Kambale akaokota kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi, akaenda zake.

Jumamosi wakafika saa sita mchana. Nilitoka nje kuwafungulia mlango mkubwa wa gereji, nikapita ubavuni mwa gari. Lina alikuwa kwenye kiti chake cha nyuma, kavaa ovaroli ya theluji, kavaa glavu, kaviringishwa blanketi juu yake, na kioo cha upande wake kilikuwa na barafu kwa ndani. Kwa ndani! Pumzi yake mwenyewe ilikuwa imegandia pale. Akaniona, akataka kunipungia mkono, kikohozi kikamshika akainama.

"Amekohoa usiku kucha," Kelly akasema, akishusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilitaka nisije. Lakini ulisema leo tunamaliza."

Aibu niliyoisikia sina mahali pa kuiweka mpaka leo. Nilimfungua mtoto mikanda, nikambeba na blanketi lake mpaka ndani, nikamkalisha karibu na kipasha joto cha ofisini kwa Kambale. Kelly tayari alikuwa amerudi kwenye usukani, anangoja. Nikaenda nikasimama mlangoni mwa gari.

"Shuka, mama. Hakuna upepo."

"Umekwisha?"

"Tangu Jumanne haukuwepo. Ni kidude nilichokitoa mimi mwenyewe, kwa mazoea ya Kigoma. Nilikosea. Jumanne nikajua, sikukuambia."

Alinitazama. Nilidhani hakuelewa Kiswahili changu, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," akasema. "Tangu Jumanne? Na jana nimempeleka chekechea ndani ya gari hili? Kwa nini, pappa?"

Nilikuwa na uongo wa kifundi tayari mdomoni, ule wa kipuri kuagizwa na duka kufungwa. Haukutoka.

"Kwa sababu likipona hutanipigia tena," nikasema.

Ningependa kukuambia kwamba alinikumbatia. Hakunikumbatia. Alishuka, akafunga mlango wa gari taratibu.

"Mtoto wangu anaumwa," akasema. "Na wewe una simu. Ina namba yangu. Maisha yangu yote hujanipigia hata siku moja, unajua hilo? Hata siku moja! Mama alipokufa nilingoja unipigie. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Nikasema basi, pappa hana la kuongea na mimi, alikuwa anashika simu kwa sababu mama alimpa."

"Lakini Kelly, mtoto ndiye anayeanza kumsalimia..."

"Nani aliniambia? Mimi nimezaliwa hapa. Lini uliniambia?"

Nikatafuta. Nilimtafutia siku moja tu, mwaka mmoja, alipokuwa na miaka saba, kumi, kumi na tano, siku niliyomkalisha nikamwambia: kwetu ni hivi. Sikuiona. Nilikuwa nimemhukumu miaka mitatu kwa sheria ambayo sikuwahi kumsomea.

Akaingia ofisini kwa mtoto wake. Mimi nikavuka barabara, nikanunua themostati mpya, nikafungua mfuniko, nikaiweka mahali pake, nikafunga. Maji yalikuwa yamemwagika, kwa hiyo safari hii upepo ulikuwepo wa kweli. Nikatazama mlango wa ofisi. Kelly alikuwa amempakata Lina, amegeukia upande wa pili. Kambale akaja bila kuitwa, akaingia ndani ya gari, akakanyaga mafuta, mshale ukasimama elfu mbili kama umepigiliwa msumari. Safari hii sikupiga kelele. Tulimaliza kwa robo saa, na hita ikapuliza joto la kukausha macho.

Kelly akapokea ufunguo. "Asante," akasema, kama unavyomwambia mtu wa duka. Lina akanipungia mkono kupitia kioo, kisha wakakunja kona ya barabara.

Wiki ile nilifunga vioo vyangu. Saa kumi na moja ikawa inakuja na kupita, nami simlaumu mtu. Nilikuwa nimepata jibu la swali nililouliza jikoni miaka mitatu, na jibu lilikuwa mimi.

Jumapili baada ya misa niliketi kitandani na koti langu mwilini. Nikaishika simu. Mzee wa miaka sitini na moja, nimeteremsha injini nzima kwa mikono hii, na kidole kimekwama juu ya jina la mwanangu. Atafikiri nabembeleza, nikajiambia. Kisha nikajiambia: lakini si kweli kwamba unabembeleza? Basi bembeleza. Nikabonyeza.

Ililia mara moja tu.

"Pappa?" Nyuma ya sauti yake nilisikia injini, ilikuwa inatembea vizuri. "Pappa, kumetokea nini? Uko hospitali?"

"Hapana."

"Umeanguka? Sema!"

"Sijaanguka, mama. Niko nyumbani, nimekaa."

"Sasa ni nini? Nani amekufa?"

Ndivyo nilivyomlea. Baba yake akipiga simu, lazima kuna maiti.

"Hajafa mtu," nikasema. "Nataka kujua kikohozi cha Lina kinaendeleaje. Na wewe. Nataka kujua umeshindaje."

Nikadhani imekatika, nikaitoa sikioni nikaitazama, dakika zilikuwa bado zinahesabu. Nikairudisha.

"Usikate," Kelly akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Naendesha. Ngoja nitafute mahali pa kusimama."

Nikasikia indiketa ikigonga, kisha matairi juu ya theluji, kisha breki ya mkono ikivutwa.